FILME INAYORUKA-RUKA: TUTAFUTE UGONJWA MBELE YA KUTOA DAWA



Katika somo la leo tutasema juu ya jambo ambalo wengi wamekwisha kuliona, lakini sababu yake hawaijui. Ordinatere inaonyesha filme, na picha haiendi sawasawa. Inasimama, inaruka, inasimama tena. Sauti inatangulia, na mdomo wa mwenye kusema unafuata nyuma.

Tulilionaje sisi? Mwalimu wetu wa kemia iko na ordinatere nyumbani kwake, iliyotengenezwa mwaka 2012. Wafinaliste walikuwa wanajitayarisha kwa Examen d'État, naye akatuita siku ya posho tutazame filme za masomo. Kijana mmoja wa darasa la chini njo aliyezileta ndani ya kle yake. Filme moja ilionyesha namna ya kutia besi ndani ya asidi, tone kwa tone, hata rangi ibadilike. Lakini pahali pale pa kubadilika ndipo picha iliruka. Tuliona maji yasiyo na rangi, kisha tukaona maji ya rangi ya waridi. Tone lenyewe hatukuliona hata kidogo, na tone hilo ndilo lilikuwa somo.

Hapo maneno yakaanza. Wengine walisema: «Hii mashini imezeeka, inafaa kununua ingine.» Wengine wakasema: «Ule kijana ametuletea virusi. Njo kle yake iliua mashini.» Na sisi tulisema vile. Kijana alichukua kle yake, akaenda bila kujibu neno, na siku ya Mungu hakuja kukaa pamoja nasi kwenye kiti cha waimbaji.

I. FILME NI NINI?

Filme ni picha nyingi zisizotembea, zinazopita upesi mbele ya macho. Filme za sinema ziko na picha 24 kwa segonde moja. Za televisheni ya Ulaya, 25. Tufanye hesabu: 1000 tugawanye kwa 25, tunapata 40. Basi kila picha iko na milisegonde 40 tu ya kutayarishwa. Ikichelewa, ordinatere haiwezi kuingoja, kwani sauti inaendelea. Inaiacha na kushika ile inayofuata. Picha zile zilizoachwa ndizo mruko tunaouona.

Sasa, picha moja iko na uzito gani? Filme inayoitwa «1080» iko na nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, jumla 2.073.600. Kila nukta inaomba okte 3 za rangi: hiyo ni zaidi ya mega 6 kwa picha moja. Kwa picha 25 inakuwa mega 155 kwa segonde, na kwa saa moja karibu giga 560! Ni kle gani itabeba mzigo ule?

Kwa hiyo filme inakunjwa, sawa nguo ndani ya sanduku. Haiandikwi kila picha nzima. Inaandikwa moja nzima, kisha yale yaliyobadilika tu. Ukuta ulio nyuma ya mwalimu hautembei, basi hauandikwi tena. Namna ya kukunja inaitwa kodeki. Kodeki H.264 ilitoka mwaka 2003. H.265, ambayo inaitwa pia HEVC, ilitoka mwaka 2013. Hii ya pili inakunja zaidi: filme inakuwa ndogo karibu nusu, na uzuri unabaki ule ule. Lakini nguo iliyokunjwa sana inaomba kazi nyingi kuikunjua. Tushike neno hili, tutalirudilia.

II. SAFARI YA PICHA

Mbele ya kufika machoni petu, picha inapita pahali pane:
1. Diski au kle, inapolala.
2. Memwari, inapongojea.
3. Prosesere, au kijipande cha picha, inapokunjuliwa.
4. Kioo, inapoonekana.

Pahali pamoja pakiwa pembamba, zote zinangoja, sawa watu kwenye kivuko cha mtumbwi mmoja. Mtumbwi ukiwa mdogo, haifai kitu kupanua njia ya kwenda kivukoni. Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza ni kutafuta pahali pembamba ni wapi. Na sheria ni moja: tubadilishe kitu kimoja tu, tutazame, kisha kingine. Ukibadilisha vitu vitano pamoja, hata mashini ikipona hutajua ni dawa gani iliponyesha.

III. MAJARIBIO TULIYOFANYA

Jaribio la 1: kle. Tulimwomba kijana kle yake kwa siku moja. Tulitoa filme ndani ya kle, tukaiweka kwenye diski ya ordinatere. Kama kle ni nzito kwa kusoma, filme itaenda vema ikitoka kwenye diski. Kwetu iliruka vilevile. Tulipima tena kle na diski kwa programu ya kutafuta virusi: haikuona kitu. Hapo tulianza kuona haya, lakini tuliendelea.

Jaribio la 2: memwari na kazi zingine. Kwenye Windows, shika pamoja Ctrl, Shift na Esc. Utaona orodha ya kazi zote za ordinatere, na nguvu inayokula kila moja. Memwari ikijaa, ordinatere inatumia diski pahali pa memwari, na diski ni polepole sana. Kwetu, memwari ilikuwa giga 4, na nusu ilikuwa bure. Lakini tulipofungua filme, prosesere ilipanda hata 100 kwa 100 na kubaki pale. Basi pahali pembamba ni pale! Lakini kwa nini?

Jaribio la 3: umeme na moto. Mashini inayotumika kwa batri mara nyingi inapunguza mwendo wa prosesere ili batri isiishe upesi. Tena prosesere ikipata moto sana, inajipunguza yenyewe ili isiungue. Tuliiunga kwenye gurupu, tukasafisha vumbi kwenye mahali pa kutoka hewa (mashini ikiwa imezimwa, wapenzi!). Ilikuwa nafuu kidogo, lakini mruko ulibaki.

Jaribio la 4: filme ingine. Tulitia filme ya zamani, nayo 1080, nukta sawasawa na ile ya kemia. Ilienda sawa maji, na prosesere haikufika 20 kwa 100. Kumbe mashini haikufa! Sasa tulitaka kujua filme hizi mbili zinatofautiana kwa nini. Tulitumia programu VLC, ile iliyoanzishwa mwaka 1996 na wanafunzi kama sisi, huko École Centrale Paris. Ukishika Ctrl na J, inakuambia kodeki ya filme. Ya zamani: H.264. Ya kemia: HEVC.

Hapo tulifahamu. Ndani ya ordinatere nyingi kuna kijipande ambacho kazi yake ni kukunjua filme tu. Kijipande cha mashini ile ya mwaka 2012 kinajua H.264, lakini H.265 ilitoka mwaka uliofuata: kingeijua namna gani? Basi kazi yote iliangukia prosesere, nayo ikashindwa kumaliza kila picha kwa milisegonde 40. Ni sawa mzee aliyesoma Kifaransa vizuri, na wewe unamletea barua ya Kichina. Usiseme macho yake yamekufa.

IV. DAWA

a) Kama mashini ni ya karibuni, tazama katika VLC kama kijipande kile kimeruhusiwa kufanya kazi: Outils, kisha Préférences, pahali pa kodeki. Mara zingine iko pale lakini imefungwa.
b) Funga programu zingine zote. Tumia umeme, si batri.
c) Kama kle ni nzito, weka filme kwenye diski mbele ya kuitazama.
d) Kama kodeki haijulikani na mashini, kunja filme upya. Programu HandBrake inafanya vile, na ni ya bure. Sisi tulichagua H.264 na ukubwa wa 1280 kwa 720, ambao ni nukta 921.600, chini ya nusu ya zile za kwanza. Mashini ilifanya kazi usiku kucha kwa filme zote. Usifute filme ya kwanza, kwani kila kukunja upya kunapoteza uzuri kidogo.

Na kununua mashini ingine? Hiyo ni dawa ya mwisho. Wazazi wetu wangetoa pesa nyingi kwa ugonjwa ulioponyeshwa kwa usiku mmoja.

V. NENO LA MWISHO

Siku ya posho iliyofuata tulikaa tena mbele ya kioo kile. Tone lilianguka, rangi ikatokea, ikapotea. Tone lingine, rangi ikabaki. Wafinaliste walipiga makofi. Kisha tukamwita yule kijana mbele ya wote, tukamwomba masamaha, kwani mbele ya wote ndipo tulimshitaki. Alicheka kidogo, akasema: «Mimi mwenyewe nilianza kuamini njo mimi niliyeiua.»

Neno hilo lilituuma kuliko matukano. Mwalimu alituambia: «Batoto, mashini mliipima mara ine mbele ya kusema ugonjwa wake. Ule ndugu yenu hamkumupima hata mara moja.» Tuliandika maneno yake kwenye daftari ya majaribio, chini ya hesabu zetu.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Filme iko na picha 30 kwa segonde. Kila picha iko na milisegonde ngapi?
2. Filme ya nukta 3840 kwa 2160 ni nzito mara ngapi kuliko ya 1920 kwa 1080?
3. Filme inaruka ikitoka kwenye kle, lakini haikuruka ikitoka kwenye diski. Pahali pembamba ni wapi?
4. Mwenzako amebadilisha programu, kle na umeme kwa mara moja, na filme inaenda vema. Kwa nini hawezi kusema ni dawa gani iliponyesha?

Majibu mulete kwa mwalimu wa kemia. Mungu awabariki katika masomo yenu.