Matembezi ya Mzunguko Kutoka Kanisa la Mgeta

Wazee hunena, "Mtembezi hula miguu yake." Nao hunena pia, "Tembea uone." Methali hizi mbili hazipingani. Ya kwanza humkemea azururaye bila shabaha. Ya pili humsifu aendaye na macho yaliyofumbuka. Wasomaji wapenzi, leo twataka kueleza matembezi ya namna hii ya pili, ambayo baba na mama waweza kuyafanya pamoja na watoto wao siku ya likizo: kutoka kanisa la misheni ya Mgeta, kupanda kwa njia moja na kurudi kwa njia nyingine.

Mgeta iko upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Msafiri atokaye mjini Morogoro huishika barabara ya Iringa hadi Sangasanga, kisha huiacha na kupanda kwa njia ya Mlali. Misheni yake ni tunda la kazi ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, wakafungua Morogoro mwaka 1882, na baadaye wakaingia milimani.

Kwa nini tuende kwa mzunguko? Kwa sababu arudiye kwa njia aliyoiendea huuona mlima kwa upande mmoja tu. Lakini azungukaye huliona shamba lile lile kutoka chini na kutoka juu, hukiona kijito kinapochipuka na kinapokwenda. Hapo ndipo akili huanza kuunganisha sababu na matokeo.

Mashamba

Hatua za kwanza zapita katika mashamba ya kabichi, karoti, njegere, maharage na viazi mviringo, yaliyokatwa kama ngazi ubavuni mwa mlima na kunyweshwa kwa mifereji. Yafaa kusimama hapa na kuwaeleza watoto habari za ngazi hizo.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, ikawalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Nia ilikuwa kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Lakini kazi ilikuwa nzito mno, na mahali pengi udongo mzuri ulifukiwa, ukabaki juu udongo wa chini usio na rutuba. Watu walichoka na amri. Mwezi wa Julai 1955 ghasia zilizuka huko Matombo, upande wa mashariki wa milima. Polisi walipiga risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa.

Hata hivyo, huku Mgeta ngazi zadumu hadi leo. Hapa maji ya mifereji na bei ya mboga humrudishia mkulima jasho lake, naye huzitunza bila kusimamiwa na mtu. Tujifunze basi: jambo jema likiletwa kwa fimbo huchukiwa, likimfaa mtu, yeye mwenyewe hulilinda.

Miti

Kadiri tunavyopanda, hewa huwa baridi na ukungu hushuka. Juu yetu waonekana msitu, ambao tangu mwaka 2008 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru. Mwenye kutaka kuingia humo hana budi kupata kibali kwanza.

Tukiwa hapa juu tutazame chini na kukumbuka mwezi wa Februari 1970. Mvua kubwa ilinyesha Mgeta, zaidi ya milimita 100 kwa muda usiofika saa tatu. Ubavu wa mlima ukapasuka mahali mia nyingi, na udongo ukaporomoka pamoja na mazao. Wataalamu wa Dar es Salaam na wa Uppsala, Sweden, walikuja kuyachunguza maporomoko hayo. Waliona kwamba karibu yote yalianzia katika mashamba au katika nyasi za mashamba yaliyopumzishwa. Penye miti hayakufika hata moja katika mia. Sababu yake ni wazi: mizizi mirefu huufunga udongo na mwamba ulio chini, kama kamba ifungavyo mzigo. Mti ukikatwa, mizizi huoza polepole, na ile kamba hukatika bila mtu kuiona.

Maji

Njia ya kurudi yateremka kufuata maji. Mto Mgeta nao hufanya mzunguko wake: huanzia hapa magharibi, huizunguka milima kwa upande wa kusini, kisha huungana na Ruvu. Na Ruvu ndio mto unywewao na jiji la Dar es Salaam. Kwa hiyo mama afunguaye bomba Kinondoni ana deni kwa mkulima asiyemjua, aliyeacha miti kandokando ya chemchemi. Na mkulima akichoma kichaka penye chemchemi, hasara haikomei katika boma lake.

Mashauri kwa wasafiri

Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mizuri, ila nguo ya baridi ni lazima. Wakati wa masika njia huteleza sana. Tafuteni mwenyeji wa kuwaongoza, salimieni watu mashambani, wala msikanyage mazao yao. Anzeni asubuhi, mpate kurudi kanisani kabla ya jua kuchwa.

Wasioweza kufika Mgeta wasisikitike. Kila parokia ina kilima, mto au bonde lake. Tokeni kanisani kwenu, mzunguke, mtazame maji yatoka wapi na udongo waenda wapi. Mtoto aliyeyaona hayo kwa macho yake hatahitaji kutishwa ili asikate mti.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Maji tunayokunywa yatoka mlima gani, na ni nani autunzaye?
2. Kwa nini matuta ya ngazi yalikataliwa Matombo, nayo yakadumu Mgeta?
3. Katika shamba letu, ni mahali gani mvua kubwa yaweza kupasua ardhi, nasi tupande nini hapo mwaka huu?