Namna ya Kufundisha Utunzaji wa Fedha

Twajua ya kuwa huku Shinyanga na Geita fedha ya dhahabu haiji kila mwezi kama mshahara. Huja kwa ghafula, nayo hupotea upesi. Tuwafundisheje watu kuitunza?

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 uliwapima wafanya biashara wadogo wa Jamhuri ya Dominika. Wengine walifundishwa uhasibu, wengine kanuni nyepesi, kama hii: fedha ya biashara isichanganywe na ya nyumbani. Kanuni nyepesi ndizo zilizofaa zaidi.

Basi, tusianze na hesabu ngumu. Mchimbaji na aweke vyombo viwili, kimoja cha gharama za duara, kimoja cha nyumbani, naye agawe siku ile ile ya kuuza. Juma lifuatalo tumwulize, si alichosikia, bali alichoweka.