Mwaka wa Kumi na Tano wa Tiberio ni Mwaka Gani?



Katika Dominika ya Pili ya Majilio, Mwaka C, tunasoma mwanzo wa sura ya tatu ya Injili ya Luka. Mwinjili anasema neno la Mungu lilimjia Yohane jangwani katika mwaka wa kumi na tano wa utawala wa Kaisari Tiberio. Je, kwetu huo ni mwaka gani?

Kaisari Augusto alifariki tarehe 19 Agosti mwaka 14 BK, na Tiberio akamrithi. Tukihesabu miaka kamili tangu hapo, mwaka wa 15 unaanza Agosti 28 BK na kuisha Agosti 29 BK. Lakini huko Siria mwaka mpya ulianza karibu na Oktoba. Wanaofuata desturi hiyo huzihesabu wiki chache za kwanza za Tiberio kuwa mwaka mzima, hivyo mwaka wa 15 unaanza Oktoba 27 BK.

Luka asingeweza kuandika “mwaka 28 BK”, kwa sababu hesabu hiyo ilibuniwa na mmonaki Dionysius Exiguus mwaka 525. Warumi waliutaja mwaka kwa majina ya makonsuli wake wawili. Wagiriki walihesabu kwa Olimpiadi, yaani vipindi vya miaka minne. Katika kalenda ya Kiyahudi ya leo, miezi ya mwisho ya 28 BK imo katika mwaka 3789.

Basi, yupo anayesema, “Miaka haipatani, kwa hiyo Injili ni hadithi tu.” Tumjibuje? Sisi Waswahili tunasema saa mbili asubuhi wakati mshale wa saa uko kwenye nane. Hakuna aliyedanganya, kila hesabu ina mahali pake pa kuanzia. Aristotle anafundisha kwamba wakati ni hesabu ya mwendo kwa kadiri ya kabla na baada. Hesabu inaweza kutofautiana, lakini tukio ni lilelile.

Ndiyo maana Luka anawataja pia Pilato, Herode, Filipo, Lisania, Anasi na Kayafa. Anatuonyesha kwamba Mungu aliingia katika historia yetu, mahali panapojulikana, chini ya watawala waliojulikana. Kwa sababu hiyohiyo tunamtaja Pilato katika Kanuni ya Imani.

Kwa tafakari: je, neno la Mungu linanijia mimi chini ya watawala gani, na katika jangwa lipi?