Nyumba ya geti au kiwanja cha pembezoni?

Swali hili limenijia zaidi ya mara moja baada ya darsa, na wanaouliza ni vijana wa rika langu. Wameoa, wana watoto wawili watatu, wamechoka kupanga Makorora au Chumbageni, na wana akiba kidogo. Je, wanunue nyumba katika zile chache zilizozungushiwa ukuta mmoja, zenye geti na mlinzi, au wachukue kiwanja Kange, Mwahako au Pongwe wajenge kidogo kidogo?

Tanga yetu haijafika walipofika Dar es Salaam na Avic Town yao ya Kigamboni, lakini mwelekeo unaonekana. Tangu mwaka 2017 lilipowekwa jiwe la msingi Chongoleani la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda (kilomita 1,443), madalali wa viwanja hawaachi kulitaja. Stendi kuu ya mabasi nayo iko Kange, na mji unaifuata.

Kwanza niseme wazi: geti si haramu. Sura An-Nur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba za watu bila ya kuomba idhini na kutoa salamu, na faragha ya familia ni haki. Mjane mwenye watoto wadogo, au baharia anayeacha mkewe peke yake miezi mingi, ningemshauri achukue nyumba ya geti na asijali maneno ya watu. Ila akiambiwa alipie kwa mkopo wa benki, asome mkataba kuona kama una riba kabla ya kutazama vigae.

Tatizo ni geti linapofungia mtaa mzima. Imepokewa katika Bukhari kwamba Bibi Aisha (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.): ana majirani wawili, zawadi ampelekee yupi? Akaelekezwa kwa yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Mlango, ndugu msomaji! Ngamiani, katika zile barabara za namba, milango inatazamana, na sahani ya futari inavuka barabara kabla ya adhana. Lakini jirani aliye nyuma ya ukuta, hata kama moshi wa jiko lake unakufikia, humfikii mpaka uzunguke. Mama yako akija kutoka Muheza na kikapu chake cha machungwa anaulizwa anakwenda kwa nani. Na siku ya msiba, nyumba nane zitatoa wabeba jeneza wangapi? Wengine watatoka nje ya ukuta, nao watakuja ikiwa wanakujua.

Sasa tuwatazame Banu Salima. Hawa walikaa pembezoni mwa Madina, mbali na msikiti. Viwanja vya karibu na msikiti vilipokuwa wazi wakataka kuhama. Mtume (s.a.w.) akawataka wabaki katika makazi yao, kwani nyayo zao za kwenda msikitini zinaandikwa, na katika upokezi wa Anas (r.a.) imetajwa kwamba hakupenda pembezoni mwa Madina paachwe tupu. Tumezoea kuisoma hadithi hii kwa ajili ya thawabu za kutembea, nami naisomesha hivyo hivyo, lakini ndani yake mna mipango miji pia. Wenye elimu na kipato wakijifungia ndani ya kuta, huko pembezoni nani atafungua madrasa?

Kwa hiyo mwenye afya na subira namwambia aende Mwahako au Pongwe. Asiende kwa pupa. Achukue kiwanja kilichopimwa, na akaone njia wakati wa masika, si kiangazi. Mke naye aulizwe, maana yeye ndiye atakayeshinda huko maji yakikatika. Kisha aende ofisi za ardhi za jiji aone ramani: je, eneo la msikiti limetengwa? Kama halipo, wachange mapema na waandike wakfu wakati ardhi bado ina bei nafuu.

Wapo wanaonunua shamba kwa ushirika ili waligawe baadaye. Wajue kwamba kwa madhehebu yetu ya Shafi, mshirika ana haki ya shufaa: mwenzake akiuza fungu lake kabla ya mgawanyo, yeye ana haki ya kulichukua kwa bei ile ile. Mipaka ikishawekwa na njia zikishatengwa, haki hiyo haipo tena, na mwenzako anaweza kumuuzia amtakaye.