Homa ya Matumbo na Dawa Zitokazo Udongoni

Homa ya matumbo, ambayo wengi huiita taifodi, si ngeni katika mitaa ya Kibera na Kawangware. Huanza kwa uchovu na maumivu ya kichwa, homa hupanda siku kwa siku, na mgonjwa asipopata dawa, matumbo yake huweza kutoboka. Mwaka 1948 ilijulikana kwa mara ya kwanza dawa iwezayo kuua vijidudu vya ugonjwa huu ndani ya mwili wa mtu. Dawa hiyo, kloramfenikoli, haikubuniwa na mwanadamu. Ilikuwa imelala udongoni, katika shamba moja karibu na mji wa Caracas, nchi ya Venezuela, na kilichoitengeneza kilikuwa kijidudu kingine.

Jambo hili huwashangaza watu, nalo lastahili kuelezwa. Katika kijiko kimoja cha udongo wa shamba vimo vijidudu vingi kuliko watu wote wa Kenya. Vyote hugombea chakula kilekile na nafasi ileile. Vingine vimejifunza kutoa sumu ya kuwazuia majirani, kama mwenye shamba azungushiavyo boma la miiba. Sumu hiyo ndiyo mtaalamu anayoitafuta, akitumaini kuwa itamuua adui wa mtu bila kumdhuru mtu mwenyewe.

Namna ya kuitafuta si ya siri. Mtaalamu huchukua kisahani cha kioo, akamimina ndani yake uji maalumu utokanao na mwani wa baharini, ukaganda. Juu yake hupaka bakteria wa ugonjwa. Kisha huweka katikati chembe ya udongo, au kipande cha ukungu, au karatasi ndogo iliyochovywa katika maji ya gome la mti, akakiacha kisahani mahali penye joto hadi kesho yake. Bakteria wakimea kila mahali, hakuna kitu. Bali ikionekana duara safi kuizunguka ile chembe, mahali ambapo bakteria wamekataa kuota, hapo kuna jambo. Alexander Fleming aliliona jambo kama hilo bila kulitafuta, mwaka 1928 katika Hospitali ya St Mary's, London, ukungu ulipoingia katika kisahani chake. Ikatoka penisilini, ambayo habari zake zimesimuliwa mara nyingi.

Habari isiyosimuliwa sana ni ile ya Profesa Giuseppe Brotzu wa mji wa Cagliari, katika kisiwa cha Sardinia, Italia. Homa ya matumbo ilikuwa ikiusumbua mji huo. Mwaka 1945 Brotzu alikwenda mahali ambapo maji machafu ya mji humwagika baharini, akachota maji. Alidhani kwamba ikiwa bahari hujisafisha yenyewe, pengine mna kitu ndani yake kiwauacho bakteria. Akapata ukungu, akaujaribu juu ya vijidudu vya homa ya matumbo, na duara likaonekana. Alikosa fedha na vyombo vya kuendelea, hata akaupeleka ukungu wake Oxford, ambako katika miaka ya 1950 wataalamu walitenga dawa iliyomo. Seftriaksoni, dawa ya sindano inayotumika leo hospitalini kwa wagonjwa waliozidiwa, ni ya ukoo huo. Dawa nyingine itumikayo sana, azithromaisini, asili yake ni udongo wa Iloilo, nchi ya Ufilipino, uliopelekwa maabara mwaka 1949.

Nairobi nayo ina sehemu katika historia hii. Mwaka 1957 udongo wa kusini mwa Ufaransa ulitoa kijidudu ambacho kwacho ilipatikana rifampisini, dawa ya kifua kikuu. Tangu mwaka 1970 wagonjwa wa Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia walishiriki katika majaribio yaliyoonyesha kwamba dawa hiyo, ikichanganywa na nyingine, huponya kwa miezi sita badala ya miezi kumi na minane. Kwa mtu anayeishi kwa kibarua, tofauti ya mwaka mzima si jambo dogo.

Basi, ikiwa dawa zipo, kwa nini homa ya matumbo haijakwisha Kibera? Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ambayo makao yake makuu hayako mbali na Kibera, ilifuatilia pamoja na wataalamu wa Marekani afya za jamaa wa vijiji vya Gatwekera na Soweto, Kibera, kuanzia mwaka 2007 hadi 2009. Damu za wenye homa zilioteshwa maabara. Ilionekana kwamba kwa kila watu 100,000, watu 247 walipatwa na ugonjwa huo kila mwaka, ambapo huko Lwak, mashambani katika Nyanza, walikuwa 29. Walioumia zaidi Kibera walikuwa watoto wadogo. Na katika kila vijidudu vinne vilivyopatikana, vitatu havikufa kwa dawa za zamani: kloramfenikoli, ampisilini na kotrimoksazoli. Ule udongo wa Caracas ulikuwa umeishiwa nguvu.

Vijidudu havikosi kujifunza. Miongoni mwa mamilioni, mmoja huweza kuzaliwa na njia ya kuivunja dawa au kuitema nje. Wenzake wafapo, yeye hubaki na kuzaa. Tena, vijidudu huweza kupokezana ujuzi huo hata kama si wa kabila moja, kama watu wapeanavyo ufunguo. Kijidudu kisicho na madhara kilichomo tumboni mwa mtu huweza kuwa nao leo, na kesho kikampa kile cha homa ya matumbo.

Desturi ya kununua vidonge vichache dukani husaidia kuzalisha sugu hao. Mtu mwenye shilingi hamsini hununua dawa ya shilingi hamsini, akapata nafuu, akaacha. Lakini si haki kumlaumu yeye peke yake. Mara nyingi amekwisha kuambiwa kuwa ana taifodi kwa kipimo cha haraka cha damu, kile kiitwacho Widal, ambacho hukosea sana na huweza kusema ndiyo kwa mtu asiye nayo. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu, nacho kina gharama na huchukua siku kadhaa. Tena, utafiti uliofanywa Kibera na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba watu kubeba bakteria sugu kunahusiana na mazingira wanamoishi. Anayeijua Kibera atafahamu maana yake. Mipira ya maji hupita ndani ya mitaro ya maji machafu. Mpira ukipata ufa na nguvu ya maji ikapungua, uchafu huvutwa ndani. Mama huyateka maji hayo kwa fedha zake, tena akilipa zaidi kuliko mwenye bomba nyumbani. Mtoto wake huweza kumeza kijidudu sugu hata ikiwa hajaonja kidonge maishani mwake. Mwezi wa Julai 2025 Kenya ilianza kuwachanja watoto wa miezi tisa hadi miaka 14 dhidi ya homa ya matumbo, jambo ambalo laweza kupunguza wagonjwa na vidonge pamoja.

Wako wasemao kwamba dawa ipo mitini, na hakuna haja ya kuhangaika na udongo wa ng'ambo. Neno hilo si la kudharauliwa. Hata jina la Kibera latokana na neno la Kinubi, Kibra, maana yake msitu, na msitu huo haukukosa dawa zake. Katika masoko ya Nairobi, Kawangware ikiwa mojawapo, huuzwa magome ya miti ya dawa. Mashuhuri sana ni gome la muthiga, ambalo Wamasai huliita osokonoi na Wajaluo sogo-maitha. Hutafunwa kwa maumivu ya jino na kwa kikohozi, na ladha yake huwasha kuliko pilipili.

Muwasho huo ndio wenyewe uliowavuta wataalamu. Katika miaka ya 1970, Isao Kubo na Koji Nakanishi, waliofanya kazi na kituo cha ICIPE, Nairobi, kile kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970 kwa utafiti wa wadudu, walikuwa wakitafuta kitu cha kuwazuia viwavi jeshi wasile mimea. Walipata katika muthiga vitu kadhaa vikali, na kimoja wakakiita wabuganali. Viwavi walikataa kula majani yaliyopakwa. Baadaye ilionekana kwamba vitu vya jamii hiyo huua pia kuvu na baadhi ya bakteria.

Hivyo wazee hawakukosea. Walakini duara juu ya kisahani si dawa bado. Kile kiwashacho katika muthiga hushikamana na protini yoyote kikutanayo nayo, iwe ya kijidudu au ya mtu, na kwa hiyo huweza kuumiza chembe za mwili pia. Tena gome la mti mmoja halina nguvu sawa na la mwingine, na mpikaji wa sufuria hana njia ya kujua kipimo kilichomo kikombeni. Kwa jino pengine hakuna neno. Kwa mtoto mwenye homa ya matumbo, kipimo kisichojulikana ni hatari, maana matumbo hayangoji. Muthiga wenyewe nao hufa ukichunwa gome pande zote, na wachunaji wa haraka hawajali.

Wakati huohuo utafutaji unaendelea, na hivi karibuni Kenya ilitoa kitu ambacho hakuna aliyekitazamia. Katika mbuga zenye udongo mweusi, kama zile za Athi na Laikipia, huota migunga mifupi yenye vinundu vyeusi. Sungusungu hutoboa vinundu hivyo na kukaa ndani, na upepo ukivuma matundu hupiga mbinja. Mwaka 2017 wataalamu wa Uingereza walitangaza kwamba juu ya sungusungu waliotoka Kenya, aina ya Tetraponera penzigi, wamepata bakteria mpya wakamwita Streptomyces formicae. Naye ni wa ukoo mmoja na yule wa Caracas. Dawa aitoayo, fomikamisini, iliwaua maabara bakteria sugu wa vidonda ambao dawa za hospitali zimeshindwa nao. Walipojaribiwa hadi vizazi ishirini, hawakujifunza kuikwepa.

Fomikamisini bado haijawa dawa ya kumpa mtu. Yabaki kujulikana mwili utaipokeaje na itatengenezwaje kwa wingi, na kazi ya namna hiyo huchukua miaka mingi na fedha nyingi. Tena vijidudu vya homa ya matumbo ni vya jamii nyingine, yenye ngozi mbili, ambayo dawa nyingi za aina hii haziwezi kuipenya. Mtoto wa Gatwekera aletwaye zahanati leo akiwa na ugonjwa huo bado hutegemea vizazi vya ukungu wa Cagliari na udongo wa Iloilo.