Umeshtakiwa kwa Ukatili wa Nyumbani: Haki Zako Kuanzia Kituoni Hadi Rufaa

Kwa nini tumeandika kijitabu hiki

Katika mikutano ya hadhara swali hili hutufikia mapema: "Mnawezaje kumsaidia mtu aliyempiga mkewe?" Anayeuliza mara nyingi ni mama, na sababu anayo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 40 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipotimiza miaka 15. Sisi tunaowaandikia haya ndio hao hao tunaowasindikiza wanawake kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na tutaendelea kuwasindikiza.

Jibu letu ni hili. Siku mtu anapokamatwa, ukweli haujajulikana. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu kutendewa kama mwenye kosa kabla kosa halijathibitika. Asiye na hatia anaweza kufungwa kwa sababu alijibu ovyo mbele ya hakimu. Na mwenye hatia anaweza kuachiwa kwenye rufaa kwa sababu hatua za kisheria zilirukwa, aliyeumizwa akabaki bila haki. Kesi inayoendeshwa kwa kufuata taratibu inawafaa wote wawili.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: baadhi ya washtakiwa wa kesi hizi ni wanawake waliopigwa miaka mingi, na siku waliyojibu ndiyo siku polisi walipoitwa.

Yaliyomo humu yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za jinai na za ushahidi.

Saa za mwanzo kituoni

Unapokamatwa una haki ya kuambiwa sababu. Una haki ya kutaka ndugu, rafiki au wakili wako ajulishwe ulipo. Sema kwa sauti ya utulivu na kwa heshima, kisha rudia kama hukusikilizwa. Usipopewa dhamana kituoni, sheria inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo baada ya hapo.

Sehemu inayoamua kesi nyingi ni maelezo ya onyo. Kabla ya kukuhoji, askari anapaswa kukuambia kwamba hulazimiki kusema lolote na kwamba utakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi. Mahojiano yana muda wake: saa 4 tangu ulipowekwa chini ya ulinzi, na kuongezwa kwake kuna utaratibu. Kwa hiyo kumbuka saa uliyokamatwa na saa ulipoanza kuandikwa, na mwombe ndugu yako aiweke kumbukumbu hiyo kwenye karatasi.

Kunyamaza kituoni si kiburi na si kukiri. Ukiamua kueleza, eleza ulichokiona na ulichokifanya, basi. Ukishamaliza, soma kila ukurasa, au usomewe kama hujui kusoma, na penye kosa taka parekebishwe kabla ya kutia saini au dole gumba. Usisaini maneno ambayo si yako ili tu urudi nyumbani mapema.

Kama ulipigwa au ulitishwa ili useme, mwambie hakimu siku ya kwanza unapofikishwa. Kisha subiri siku ambayo maelezo hayo yatatolewa yawe kielelezo: hapo hapo, kabla mahakama haijayapokea, simama useme kwamba unapinga na ueleze kwa nini. Mahakama italazimika kwanza kuchunguza kama yalitolewa kwa hiari. Tunalisisitiza hili kwa sababu wengi hulinyamazia hadi zamu yao ya kujitetea, na wakati huo maelezo yameshaingia kwenye kumbukumbu za kesi.

Na wewe kama umeumia, omba PF3, yaani fomu ya polisi inayojazwa na daktari. Watuhumiwa wengi, hasa wanaume, huona aibu kusema kwamba wameng'atwa au wamechomwa na uji wa moto. Jeraha lisiloandikwa na daktari wiki ile ile ni gumu kulithibitisha miezi sita baadaye.

Dhamana, na masharti yake

Makosa ya shambulio na ya kujeruhi yana dhamana. Dhamana haiuzwi, iwe kituoni au mahakamani. Fedha inayotajwa kwenye bondi ni ahadi ya kulipa endapo mshtakiwa atatoroka. Si ada ya kumpa askari mkononi. Mdhamini huwa anatakiwa aje na kitambulisho pamoja na barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji, kwa hiyo familia ianze kuzitafuta mapema. Aende mtu mwenye makazi yanayojulikana, si rafiki wa kijiweni ambaye kesho yuko mkoa mwingine.

Mahakama inaweza kukuamuru ukae mbali na mlalamikaji. Likitokea hilo, usirudi nyumbani hata kuchukua shati. Mtume mtu. Kama kuna watoto, mahitaji yao yapitie kwa mtu mzima anayeaminiwa na pande zote, na kila unachokituma kiandikwe.

"Mke wangu amenisamehe"

Kila wiki anakuja mtu ofisini akiwa ameshika karatasi iliyosainiwa na mkewe, shangazi na mshenga, inayosema yamekwisha. Tunaipokea kwa heshima, kisha tunamweleza ukweli usiopendeza. Katika mahakama ya wilaya, hati ya mashtaka imeandikwa Jamhuri dhidi ya jina lako. Mlalamikaji ni shahidi. Mwenye kesi ni Jamhuri. Uamuzi wa kuiondoa uko kwa waendesha mashtaka walio chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Baraza la usuluhishi la ndoa nalo halina uwezo wa kufuta kesi ya jinai.

Wengi huamini pia kwamba mke hawezi kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Kwa makosa mengine ni kweli. Lakini kosa likiwa limemgusa mwenzi mwenyewe au watoto, Sheria ya Ushahidi inaruhusu aitwe na atakiwe kusema.

Upatanisho upo kisheria. Kwa shambulio la kawaida na makosa mengine madogo yenye sura ya ugomvi binafsi, mahakama inaweza kuhimiza suluhu na hata fidia. Hufanyika mbele ya hakimu, mlalamikaji akiwa huru kukataa. Kumzungushia wazee wa ukoo kila jioni, kumnyima matumizi mpaka "afute kesi", kumtumia ujumbe wa kubembeleza unaoishia na kitisho: hayo ni kuingilia shahidi. Yanaweza kukufutia dhamana na kukuletea kosa jipya. Ujumbe wa WhatsApp hupokelewa mahakamani kama ushahidi, na ule wa usiku wa manane ulioandikwa kwa uchungu mara nyingi ndio unaosomwa kwa sauti mbele ya hakimu.

Unashtakiwa kwa lipi hasa

Neno ukatili wa nyumbani linatumika kwenye redio na mikutano. Kwenye hati ya mashtaka utakuta jina la kosa kutoka Kanuni ya Adhabu. Shambulio la kawaida ni dogo. Shambulio la kudhuru mwili linaweza kuleta kifungo cha hadi miaka 5. Kusababisha madhara makubwa, yaani kuvunja kiungo, kupofua, au kuharibu afya kwa kudumu, hadi miaka 7, na pakithibitika nia ya kuleta madhara hayo adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Tofauti kati ya kosa moja na jingine aghalabu iko ndani ya PF3 ya mlalamikaji, kwa hiyo isome.

Tuseme wazi jambo moja. "Nilikuwa namfundisha" si utetezi. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko au ya kipigo. Ukimwambia hakimu kwamba ulimpiga kwa sababu chakula kilichelewa, umemaliza kazi ya upande wa mashtaka.

"Ni kweli, lakini..."

Unaposomewa shtaka utaulizwa: ni kweli au si kweli? Watu wetu wamelelewa kuwa wanyenyekevu mbele ya wakubwa, na unyenyekevu huo umewafunga baadhi yao. Mtu anasema "ni kweli mheshimiwa" akimaanisha tu kwamba ugomvi ulitokea. Baada ya hapo husomewa maelezo ya kosa, anaulizwa kama anayakubali, anaitikia tena, na anatiwa hatiani. Aliyekiri hawezi kukata rufaa kupinga hatia, isipokuwa aonyeshe kwamba kukiri kwenyewe kulikuwa na kasoro. Kwa kawaida hubaki na rufaa dhidi ya ukubwa au uhalali wa adhabu tu.

Kama ulimsukuma kwa sababu alikuwa anakukaba, jibu lako ni "si kweli". Ukishasema "ni kweli ila nilikuwa najihami", umekana kosa, na hakimu anapaswa kuandika hivyo. Usiache ile "ila" ipotee. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kisheria. Usichokielewa, omba kirudiwe.

Ushahidi unapoanza

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inakupa haki ya kupata nakala ya maelezo ya mlalamikaji. Iombe kwa hakimu mapema. Ukisoma maelezo aliyoandikisha polisi utaona kama yanaoana na anachosema kizimbani.

Kila shahidi akimaliza, utapewa nafasi ya kumhoji. Hapa ndipo mshtakiwa asiye na wakili hupoteza kesi, naye hajui. Anaulizwa kama ana swali, anajibu "sina, mheshimiwa, anadanganya." Mahakama zetu zimeshasema mara nyingi kwamba jambo muhimu usilomhoji shahidi huchukuliwa kuwa umelikubali. Kwa hiyo utetezi wako ujitokeze kwenye maswali. Ukitaka baadaye kusema alianza yeye kukukaba, muulize yeye mwenyewe: "Si ulinikaba shingo pale jikoni kabla sijakusukuma?" Atakana pengine. Haidhuru, limeandikwa. Uliza kwa adabu. Kumvunjia heshima mbele ya watu hakusaidii, na hakimu anakutazama.

Daktari aliyejaza PF3 una haki ya kutaka aitwe umhoji. Muulize jeraha lilikuwa la lini, na kama kitu kilichotajwa kweli kingeweza kulileta.

Kama ulikuwa mahali pengine saa ile, toa taarifa kabla kesi haijaanza kusikilizwa, utaje mahali na mashahidi. Ukichelewa sana mahakama inaweza isiupe utetezi huo uzito wowote.

Upande wa mashtaka ukifunga, hakimu ataamua kama una kesi ya kujibu. Ukiwa nayo, utajitetea, kwa kiapo au bila kiapo, na kuita mashahidi. Ukinyamaza hapa, tofauti na kule kituoni, mahakama inaruhusiwa kuutafsiri ukimya wako dhidi yako. Hata hivyo mzigo wa kuthibitisha haukuhamii. Wewe unatakiwa kuleta shaka ya msingi tu.

Mwanamke aliyejibu kipigo

Sheria inamruhusu mtu kujihami, kwa nguvu inayolingana na hatari iliyo mbele yake. Ugumu ni kwamba mwanamke aliyepigwa miaka kumi huiona hatari kabla jirani hajaiona: anaijua kwa namna mlango ulivyofungwa. Mahakama haiwezi kujua hilo bila kuletewa historia. Tafuta kitabu cha malalamiko cha mwenyekiti wa mtaa, namba ya taarifa ya Dawati, kadi ya zahanati, dada aliyekupokea usiku wa mvua. Hata tukio ambalo halikuripotiwa lina mtu aliyeliona.

Mume akifa, shtaka huwa la mauaji, lisilo na dhamana. Utafikishwa kwanza mahakama ya chini ambako hutatakiwa kujibu chochote, kwa kuwa kesi husikilizwa Mahakama Kuu. Huko utapewa wakili anayelipwa na Serikali. Mweleze wakili huyo kila kitu, pamoja na yale ya chumbani unayoona aibu kuyasema. Aliyeua kwa kukasirishwa ghafla, kabla hasira haijapoa, anaweza kutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia badala ya mauaji. Umbali kati ya makosa hayo mawili ni kati ya adhabu ya kifo na kifungo ambacho jaji ana uhuru wa kukipima.

Kama ulimpiga kweli

Kukubali kosa kwa dhati, mapema, bila kumchafua aliyeumia, ni haki yako pia, na mahakama huzingatia hilo wakati wa kupanga adhabu. Kabla ya adhabu utapewa nafasi ya kusema: taja kama ni kosa la kwanza, matibabu uliyolipia, watoto wanaokutegemea. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu kifungo kisichozidi miaka 3 kitumikiwe nje kwa kazi ya umma. Tunaowapokea wakiwa na ukweli huu hatuwafukuzi.

Msaada bila malipo

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamruhusu asiye na uwezo apewe msaada, na hakimu anaweza kuthibitisha kwamba mshtakiwa anauhitaji. Msaidizi wa kisheria wa kata atakueleza taratibu na kukuandalia nyaraka bila malipo, ila haruhusiwi kusimama mahakamani kama wakili; atakuelekeza kwa shirika lenye mawakili. Akikudai fedha, si yeye unayemtafuta.

Rufaa

Kutoka Mahakama ya Mwanzo una siku 30 kwenda Mahakama ya Wilaya. Kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, toa notisi ya kusudio ndani ya siku 10 tangu hukumu, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, ukiondoa siku ulizongojea nakala ya mwenendo na hukumu. Notisi ni karatasi moja. Ukiwa gerezani, mwambie mkuu wa gereza siku ile ile unayopokelewa kwamba unataka kukata rufaa. Ni wajibu wake kuifikisha. Ndugu aliye nje akaombe nakala kwa karani kwa barua, na abaki na nakala ya barua hiyo yenye muhuri wa tarehe ilipopokelewa.