Nyumba ya Wazee Kando ya Ziwa: Tuanzie Chini

Nyumba ya wazee kando ya Ziwa Victoria, ile ambayo watoto hukutania Krismasi, yafaa itengenezwe. Lakini tusikimbilie rangi! Sisi tulikosea: tulipiga plasta ya simiti juu ya ukuta wa udongo. Ilipendeza msimu mmoja tu, halafu ikaanza kubanduka. Simiti haipumui, unyevu unaopanda kutoka chini hukwama nyuma yake, na udongo hulainika.

Kwa hivyo ulizeni majirani maji yalifika wapi mwaka wa 2020, ziwa lilipofurika. Kama yaliingia ndani, msitumie pesa hapo. Afadhali mjenge juu zaidi. Kama hayakufika, chimbeni mtaro wa maji ya mvua, mkwangue njia za mchwa, kisha mkandike upya kwa udongo, mchanga na mavi ya ng'ombe. Ukuta ukikauka kabisa, pakeni chokaa, mkilinda macho maana huchoma. Chumba huwa cheupe hata bila taa.

Madirisha tuliyatia wavu wa mbu kwanza. Mama alitaka mapazia, tukabishana kweli. Mapazia yatakuja tukiuza mahindi.